Namba Tatu Imeshachukua

Bibi Odeta alipohamia Kamanga kwa mwanawe hakuacha kitu nyuma. Mwana alivuka na kivuko asubuhi, akapanda juu ya paa, akashusha bati moja moja, akang'oa mlango na fremu yake, na misumari akainyoosha juu ya jiwe kwa nyundo, yote, hata ile yenye kutu. Ilikuwa mwaka wa themanini na mbili, na bati wakati huo lilikuwa mali. Zikabaki kuta nne za udongo zimeegemea jabali, na mvua ya siku ile ile ikaanza kuzila.

Kwa majirani hiyo ilikuwa habari ya mtu kuhama. Kwa Mzee Cleophace Bagenda, balozi wa nyumba kumi pale Kirumba, ilikuwa habari ya pengo. Bagenda alikuwa karani wa mizigo gatini kwa miaka ishirini na sita, na hata baada ya kustaafu usingizi ulimpaa kabisa akijua mahali fulani kuna orodha yenye pengo. Kulipokucha alichukua mkebe wa chokaa na brashi, akamwita mkewe amshikie mkebe.

"Nina nyumba namba moja, halafu nina nyumba namba tatu," alisema. "Mkubwa akija kukagua akaniuliza namba mbili iko wapi, nimwambie nini?"

"Mwambie iko Kamanga," alisema Adventina. "Si ndiko iliko?"

Bagenda hakuwa mtu wa utani mbele ya kazi. Alipita mlango kwa mlango, akizunguka majabali, akafuta namba za zamani na kuchora mpya. Josephat, fundi baiskeli, aliyekuwa wa tatu, akawa wa pili. Nyumba ya Bagenda mwenyewe, iliyokuwa ya nne, ikawa ya tatu. Mayala, mlinzi wa ghala, akatoka wa tano akawa wa nne. Ikaenda hivyo hivyo hadi chini, ambako mpangaji mpya alipewa namba kumi, na nyumba za Mzee Bagenda zikawa zimetimia tena, kumi bila pengo. Adventina alishika mkebe safari nzima, na chokaa ikamchuruzikia mkononi mpaka kwenye kiwiko.

Nyumbani balozi alifungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika majina upya kwa mwandiko ule wake uliowahi kusifiwa na mabosi watatu. Majina aliyapandisha. Alama za upande wa kushoto, zile za mgao wa khanga, hakuzigusa, akazinakili kama zilivyokuwa: moja tayari, mbili tayari, tatu tayari. Chini yake akanakili na ile sentensi ya wino mwekundu: "Mgao ujao wa khanga uanzie namba nne." Kwenye ukurasa wa zamani ilikuwa sentensi sahihi kabisa.

Hapo inafaa tuambizane jinsi khanga zilivyokuwa zinapatikana. Kiwanda cha nguo kilikuwa mji huo huo, king'ora chake kiliwaamsha kila siku, lakini khanga zenyewe zilikuja duka la ushirika zinapojisikia, na zikija, nyumba kumi zinapewa doti tatu. Balozi aliyemtangulia Bagenda alikuwa anaanza kila mgao kwa namba moja, na namba moja alikuwa yeye. Watu walimvumilia mwaka mzima, kisha wakamwondoa. Bagenda alipochaguliwa alileta utaratibu wa zamu: mgao unapoishia, hapo hapo ndipo unaofuata unapoanzia. Watu walimsifu sana. Mgao wake wa kwanza walipata Kashindye, Bibi Odeta na Josephat, wakaishia hapo.

Kwa hiyo, tangu mwezi ule, Adventina alikuwa anajua kwamba anayefuata ni yeye, na alikuwa na sababu ya kulijua hilo kuliko dua zake. Binti yao Leonsia alikuwa amekuja kutoka Nansio, alikoolewa na mwalimu Venant, ili mimba ya kwanza ajifungulie kwa mama yake kama inavyotakiwa. Alikuja na khanga moja iliyochakaa hadi jua likapita ndani yake. Kliniki muuguzi alimwambia waziwazi: "Uje na doti moja safi, sabuni, na wembe mpya. Shuka hatuna, mwanangu. Mwezi jana tumempokelea mtoto kwenye gazeti."

Wembe ulipatikana. Sabuni ilikuwapo kipande. Ilibaki doti.

"Usihofu," Adventina alimwambia binti yake kila asubuhi. "Zikija, wa kwanza ni sisi."

*

Zikaja Alhamisi. Adventina alivaa gauni la kanisani, akachukua kikapu, akawahi kibarazani kwa duka akasimama mbele ya watu wote. Mumewe alikuwa amekaa nyuma ya meza ya kuazima, miwani imefungwa kwa uzi, daftari wazi, na doti tatu zimepangwa mbele yake.

"Namba nne!" aliita.

Adventina akapiga hatua. Mayala naye, aliyekuwa nyuma yake, akapiga hatua, wakagongana mabega.

"Samahani, mama," alisema Mayala, mtu mpole, akarudi nyuma.

"Usirudi, Mayala," alisema balozi. "Namba nne ni wewe."

"Baba Leonsia," Adventina alisema taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga kifungo mbele ya wageni, "wa nne ni sisi."

"Tulikuwa. Tangu Bibi Odeta ahame sisi ni namba tatu. Mlango unasema hivyo, na daftari linasema hivyo."

"Haya, basi nipe ya namba tatu."

"Namba tatu imeshachukua."

"Amechukua nani?"

"Namba tatu."

"Na namba tatu ni nani?"

Bagenda alishusha kidole kwenye ukurasa, akakipandisha, akakishusha tena. "Ni sisi," alisema.

"Kwa hiyo tumechukua."

"Kwa mujibu wa daftari."

"Haya. Hiyo khanga niliyochukua kwa mujibu wa daftari ni ya rangi gani, baba? Maana nataka nikaivae."

Kibaraza kizima kikapasuka kwa kicheko. Kashindye alicheka mpaka akashika nguzo. Bagenda akahisi masikio yanawaka, na huenda angesimama kidogo, akaangalia vizuri, akaona. Lakini kabla hajaona, sauti moja kutoka nyuma ilipaza: "Jamani, balozi anamnyima mke wake! Huyo ndiye balozi!" Mtu akapiga makofi, na mwingine, halafu wote. Miaka ishirini na sita gatini hakuna aliyewahi kumpigia Bagenda makofi. Alirekebisha miwani yake, akampa Mayala doti, akaita namba tano, akaita namba sita, akafunga daftari.

Adventina alirudi nyumbani na kikapu kitupu, amekigeuza mdomo chini ili watu wasichungulie.

*

Jioni alikuwa jikoni anamenya ndizi. Bagenda alikuja kukaa kizingitini, bado ana ule mng'ao wa makofi usoni, akitarajia kukutana na ukimya. Badala yake mkewe alimsogezea kigoda.

"Kaa hapa, karani. Tazama." Alipanga ndizi kumi mbichi chini, mstari mmoja. "Hizi ni nyumba zako. Aliyepata khanga namenya." Akamenya ya kwanza, ya pili na ya tatu. "Kashindye, Odeta, Josephat. Sawa?"

"Sawa."

"Odeta kahama." Akaokota ya pili akaitia chunguni. "Sasa unavyopenda wewe, wote wasogee." Akasogeza ndizi zote zikaziba pengo. "Nionyeshe namba tatu."

Bagenda akahesabu kwa kidole. Kidole kikatua juu ya ndizi yenye maganda yake yote, ya kijani, haijaguswa kisu.

"Imemenywa hiyo?" aliuliza Adventina.

Akahesabu tena kuanzia mwanzo, kisha akahesabu kuanzia mwisho, kana kwamba ndizi zingeweza kuwa na huruma akizijia kwa upande mwingine.

"Wewe unafuata namba," alisema mkewe. "Namba zinahama. Mimi nafuata milango. Aliyepata mwisho ni Josephat. Mlango unaofuata ukitoka kwa Josephat ni huu unaoukalia. Hata kipofu angefika."

"Nimemruka mtu," alisema Bagenda kwa sauti ndogo.

"Umemruka mwanao."

"Lakini watu wamenipigia makofi, Mama Leonsia."

"Basi mtoto akizaliwa tumfunike makofi."

Yalimchoma. Alikuwa mtu mwadilifu, na huo ndio uliokuwa msiba wake: aliona kosa zima, mwanzo hadi mwisho, na aliona pia kwamba mtu pekee atakayefaidika likisahihishwa ni balozi. Yule aliyemtangulia walimwondoa kwa jambo hilo hilo. Usiku kucha aligeuka kitandani.

*

Asubuhi alikwenda ofisi ya tawi kwa katibu, Bwana Ndalahwa, akamweleza yote, na ndizi pia. Ndalahwa alisikiliza huku anakuna sikio kwa kifuniko cha kalamu.

"Mzee Bagenda, kosa lingekuwa la nyumba nyingine ningekwambia kasahihishe leo leo. Lakini ni nyumba ya balozi."

"Kosa limeniumiza mimi, katibu. Halikuninufaisha."

"Kosa ndiyo, limekuumiza. Sahihisho ndilo litakalokunufaisha. Jambo la kumnufaisha kiongozi linataka kikao."

"Kikao ni lini?"

"Kitapangwa."

"Binti yangu amebakiza wiki mbili, labda chini ya hapo."

"Ndiyo maana nasema kitapangwa," alisema Ndalahwa kwa upole mkubwa, akamsindikiza hadi mlangoni.

*

Habari haina miguu lakini Kirumba inakwenda. Kabla ya Jumatatu kila mtu alikuwa amesikia habari ya ndizi, na Paskazia, mke wa Mayala, alikuwa mtu mwenye moyo. Alikuja mchana, khanga moja ya ile doti yao ameibana kwapani chini ya nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sikai." Akaitoa, akampa Leonsia. "Hii ni upande mmoja wa doti, mdogo wangu. Utairudisha ukishatoka hospitali. Mie sina mimba, nina haraka gani?"

Leonsia akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa bado na ile harufu ya rangi mpya, ngumu, haijawahi kuona maji. Akaiweka shavuni, na machozi yakamtoka tu bila kilio. Adventina alikuwa ameanza kushukuru pale Bagenda alipoingia, akaona, akasimama.

"Hiyo ni ya namba nne," alisema.

"Mayo wane, mzee!" alishtuka Paskazia kwa Kisukuma. "Nimemwazima, sijampa."

"Najua, mwanangu, na Mungu akubariki. Lakini watasema nimeifuata kwa mlango wa nyuma. Watasema nilimnyima mke wangu mbele ya watu, kisha nikaja kuichukua kwapani. Irudishe."

"Nani atasema?" Adventina alisimama, kisu cha kumenyea bado mkononi. "Nitajie jina lake. Nitajie huyo mtu ambaye mjukuu wako atapokelewa kwenye gazeti ili yeye asiseme!"

Bagenda hakuwa na jina. Alikuwa na watu tu, wale wa kibarazani, wote kwa pamoja.

Leonsia ndiye aliyemaliza. Aliikunja ile khanga mara nne, akampa Paskazia. "Chukua, dada. Baba asije akaitwa mwizi kwa ajili yangu." Paskazia akaondoka nayo kifuani, mbele ya macho ya watu wote, kama alivyotakiwa.

Tangu hapo Adventina alimwekea mumewe chakula bila kusema karibu. Alikasirika mpaka hasira ikamchosha, na akaendelea nayo hivyo hivyo.

*

Nje ya nyumba ya kila balozi kulikuwa na mlingoti, na juu ya mlingoti bendera ya chama, ya kijani. Ya Bagenda ilijulikana mtaa mzima, kwa sababu kila Jumamosi asubuhi aliishusha, akaifua mwenyewe kwa mikono yake, akaianika juu ya jabali, akaipandisha ikiwa kavu. Jumamosi ile aliifua kwa kile kipande cha sabuni cha Leonsia, bila kuuliza. Alidhani ni cha nyumba. Kilipobaki kipande cha ukubwa wa kucha, akakirudisha kidirishani.

Saa nne Leonsia alishika ukuta kwa uchungu. Josephat alikuwa ameahidi baiskeli ya kumpeleka, na baiskeli ikaletwa, ikaegemezwa mlangoni, lakini mtoto hakuwa na mpango wa kupanda baiskeli. Leonsia alifika kizingitini akakaa chini. Walimrudisha ndani, wakamwita Teodora wa jirani, aliyekwisha kupokea watoto wengi kuliko anaowakumbuka. Bagenda alitolewa nje. Alisimama karibu na mlingoti ameshika daftari, kwa sababu hakujua mikono yake ishike nini kingine.

Ndani kulikuwa na joto na maji na sauti ya Teodora ikisema, tulia, bado, bado, haya sasa. Khanga ya Leonsia ilikuwa chini yake. Gauni la kanisani la Adventina lilikuwa chini yake. Shuka walikuwa hawana tangu mwaka juzi. Godoro lilifunikwa gunia la katani.

"Anakuja!" alisema Teodora. "Nguo safi! Mama Leonsia, nguo ya kumpokelea!"

Adventina alitazama chumba kizima. Akatoka nje mbio, jua likampiga machoni, na alipofumbua akaiona juu pale, imetakata, imekauka, inanukia sabuni. Ilikuwa safi kuliko kitu chochote katika nyumba ile. Ilikuwa imekula sabuni yote.

Akaanza kufungua kamba.

"Mama Leonsia," alisema Bagenda. "Mama Leonsia, hiyo ni..."

"Ninajua ni nini. Nishikie kamba."

Akatazama kushoto na kulia. Kashindye alikuwa amesimama mlangoni kwake, anaangalia. Nyuma ya ukuta Leonsia alipiga ukelele mmoja, mrefu, akimwita mama yake. Bagenda aliliweka daftari juu ya jiwe, akaishika kamba kwa mikono miwili, akateremsha.

Alikuwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Teodora alimpokea kwenye kijani, akamfuta uso kwa pembe yake moja, akamfunga, na kitambaa kikatosha vizuri na kubaki kidogo cha kufunika kichwa. Bagenda alisikia kilio kile akiwa nje, na yeye mwenyewe akalia, waziwazi, bila kujali Kashindye.

*

Ndalahwa alifika kabla ya adhuhuri. Habari ya khanga ilimchukua siku nyingi kuielewa. Habari ya bendera aliielewa kwa robo saa.

"Balozi, bendera iko wapi?"

"Iko kazini," alisema Bagenda.

"Nimeuliza kwa heshima, mzee."

Adventina akatokea mlangoni, mikono bado ina maji. "Karibu, katibu. Tumepata mtoto wa kike. Hongera hutupi?"

"Hongereni. Naomba bendera."

"Utaipata khanga zikija. Kwa sasa ipo namba tatu. Subiri zamu yako."

Bagenda alilichukua daftari pale juu ya jiwe, akaomba kalamu kwa katibu mwenyewe, na katibu kwa mazoea akampa. Akafungua ule ukurasa mpya wa namba. Mbele ya namba tatu, pembeni ya ile alama aliyoinakili bila kufikiri, aliandika kwa mwandiko wake mzuri: "Imepokea. Kitambaa kimoja, kijani." Akapuliza wino ukauke. Ilikuwa mara ya kwanza ukurasa ule kusema kweli.

Kile kikao kilichokuwa kigumu kupangwa kikapangwa Jumatatu. Hoja haikuwa khanga. Bagenda alisimama, akakiri yote, la kumruka mtu na la kamba, akavuliwa ubalozi kwa kura za watu wale wale waliompigia makofi, ingawa safari hii waliinua mikono wakiangalia chini. Bendera waliidai irudishwe, na Adventina akaipeleka ofisini imefuliwa, lakini doa halikutoka, na Ndalahwa akatafuta sana asipate fomu ya kupokelea bendera yenye doa. Adventina akarudi nayo. Mjukuu akalala ndani yake.

Ubalozi alipewa Mayala, asiyeutaka. Alikuja jioni ile ile kwa Adventina, kofia mkononi.

"Mama, mimi namba zinanishinda. Wewe zamu unaifuataje?"

Adventina akaokota kijiti cha kuni, akakikata urefu wa kiganja. "Anayefuata kupata anakaa nacho. Khanga zikija, anachukua yake, anakipeleka mlango unaofuata. Mtu akihama, anakiacha kwa jirani. Basi."

"Na mlango ukiwa hauna namba?" aliuliza Bagenda kutoka kwenye kigoda chake. Alishindwa kujizuia.

"Mlango ni mlango, Baba Leonsia."

Majirani walikubaliana kijiti kianzie kwake, na hakuna aliyetaka kikao kwa hilo. Kikakaa juu ya kizingiti chake miezi minne, kwa sababu miezi minne khanga hazikuja.

Bendera ilikuja Jumatano, siku mbili tu baada ya kikao. Mlingoti ulikuwa umeshahamishiwa kwa Mayala, na haikufaa usimame uchi, kwa hiyo ikaletwa kwa gari, mpya, imekunjwa ndani ya karatasi, bila zamu wala namba. Mayala aliona aibu kuipandisha kabla hajamwonyesha mama wa jirani. Adventina alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akaitua ndoo, akafuta vidole kwenye gauni, akaishika pindo, akaipima upana wake kwa mikono miwili.

"Hii ingewatosha mapacha," alisema, akajitwika ndoo yake.